John Jay: Mjumbe aliyekwenda mikono mitupu

Mwanzoni mwa Julai 1795 John Jay alianza kazi ya ugavana wa New York. Alikuwa ameshinda uchaguzi bila kupanda jukwaani hata mara moja, maana kura zilipopigwa yeye alikuwa bado hajarudi kutoka ng'ambo kwa kazi ya serikali. Wiki hiyohiyo, mjini Philadelphia, watu walioadhimisha sikukuu ya uhuru ya tarehe 4 Julai walitengeneza sanamu yake, wakaitembeza mitaani, kisha wakaitia moto. Miji mingine ikafuata. Jay hakuwa ameiba fedha za umma wala hakuwa amefumaniwa na lolote. Kilichotokea ni kwamba mkataba alioutia saini London miezi saba nyuma ulikuwa umechapishwa, na watu wakausoma.

Wengi wanaolijua jina lake hulijua kwa mambo mawili: alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani, na alileta mkataba uliochukiwa. Ukiishia hapo humwelewi. Swali linalofungua maisha yake ni hili: kila alipotumwa kwenda kudai kitu, mkononi alikuwa na nini? Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Jay alitumwa Ulaya mara tatu na taifa lisilo na hazina wala jeshi la majini la kutisha mtu, na mara mbili kati ya hizo mfukoni hamkuwa na chochote ambacho mwenyeji wake alikihitaji. Mara moja tu alikikuta, na hiyo ndiyo mara aliyorudi shujaa.

Kwanza, alitoka wapi. Alizaliwa New York tarehe 12 Desemba 1745, katika familia ya wafanyabiashara. Babu yake, Augustus Jay, alikuwa Mprotestanti wa Kifaransa aliyekimbia mateso ya dini baada ya mfalme wa Ufaransa kufuta uhuru wa kuabudu mwaka 1685. Hilo lilimwachia mjukuu kovu la kutowaamini wafalme wa Ufaransa, na litatokea tena mbele. Alisoma King's College, chuo ambacho leo ni Columbia, akawa mwanasheria, na mwaka 1774 akamwoa Sarah Livingston, binti wa ukoo mkubwa. Mwaka huohuo akaingia Kongresi, baraza la wajumbe wa makoloni yaliyogombana na Uingereza. Hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa miongoni mwa waliotaka suluhu na mfalme mpaka suluhu ikaonekana haiwezekani. Baada ya hapo hakugeuka nyuma. Azimio la Uhuru lilipopitishwa Julai 1776 yeye alikuwa New York, kwa hiyo saini yake haimo. Katiba ya kwanza ya jimbo hilo, ya mwaka 1777, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake, na Desemba 1778 akawa rais wa Kongresi. Cheo hicho kilikuwa na sauti kubwa kuliko nguvu zake.

Madrid: balozi anayedaiwa

Mwaka 1779 Hispania iliingia vitani dhidi ya Uingereza, ikiwa upande wa Ufaransa. Kongresi ikaona mlango umefunguka, ikamtuma Jay akaombe mambo matatu: Hispania iitambue Marekani, iikopeshe fedha, na iiruhusu itumie mto Mississippi hadi baharini.

Safari yenyewe ilikuwa ishara. Aliondoka Oktoba 1779 na mkewe kwa manowari iitwayo Confederacy. Katika bahari ya Newfoundland milingoti ikavunjika, meli ikajikokota hadi kisiwa cha Martinique. Huko, wakati wakisubiri chombo kingine, Jay alinunua kijana mtumwa aitwaye Benoit, tutarudi kwake. Cádiz walifika Januari 1780.

Hispania ilimkuta Jay akiwa mgeni wa kusumbua. Ilikuwa inapigana na Waingereza kwa sababu zake, kubwa ikiwa kuirudisha Gibraltar, na haikuwa na mkataba wowote na Wamarekani. Mfalme mwenye makoloni kuanzia Mexico hadi kusini kabisa mwa Amerika hawezi kushangilia makoloni ya mwenzake yanapoasi. Isitoshe New Orleans ilikuwa yake, na Mississippi kwake ulikuwa ukuta wa kuwazuia hao majirani wapya wasisogee. Floridablanca, waziri mkuu wa mfalme, alimpokea Jay kama mtu binafsi. Alimsikiliza, akamwahidi, akaahirisha.

Na hapo ndipo Kongresi ilipozidisha balaa. Kwa kuwa haikuwa na fedha, iliandika hundi zenye thamani ya pauni 100,000, zilipwe na Jay huko Hispania, ikaziuza kwa wafanyabiashara. Ilitumaini kwamba hadi muda wa kuzilipa utakapofika, mjumbe wao atakuwa ameshakopeshwa na mfalme. Uamuzi huo ulifanywa kabla hata hawajajua kama amefika salama. Kwa hiyo wenye hundi walianza kubisha hodi kwa balozi ambaye nchi aliyomo haimtambui, wakidai fedha ambazo hajawahi kuziona. Floridablanca naye alijua siku ya kila hundi. Kwa miaka miwili na zaidi alimtolea Jay mkopo wa vijisenti, jumla chini ya dola 200,000, kiasi cha kumfanya asikate tamaa na asiondoke. Machi 1782 hundi zikakataliwa hadharani. Aliyeokoa jahazi ni Benjamin Franklin, aliyekuwa Paris, kwa fedha za Wafaransa. Katikati ya yote hayo binti yao mchanga, aliyezaliwa Madrid mwaka 1780, alifariki baada ya wiki chache tu za maisha.

Jambo moja alilolifanya vizuri Madrid halikuonekana wakati ule. Mwaka 1781 Kongresi, ikiwa imebanwa, ilimruhusu auachie mto Mississippi ili Hispania iwe mshirika. Jay hakupenda, lakini alitii, na akaongeza sharti lake: mkikataa leo, toleo hili limekufa, na amani ikija hatutalazimika kulirudia. Hispania ikakataa. Mwaka uliofuata mto ule ulikuwa bado wa kudaiwa.

Paris: hapo kila mtu alikuwa na haja

Franklin alimwita Paris, akafika tarehe 23 Juni 1782. Franklin alikuwa na miaka 76, Jay 36. Mmoja alipendwa na mji mzima na aliwaamini Wafaransa kiasi cha kutosha. Mwingine alitoka kuchezewa Madrid na alikuwa na historia ya babu yake.

Ili kuelewa kilichotokea, weka wahusika mahali pao. Uingereza ilikuwa imechoka na vita na ilitaka kuwatenganisha Wamarekani na Ufaransa. Ufaransa ilitaka Marekani iwe huru, lakini iendelee kuihitaji Ufaransa. Hispania ilitaka Gibraltar, na Ufaransa ilikuwa imeiahidi kutofanya amani kabla haijaipata. Na Kongresi ilikuwa imewapa wajumbe wake amri ya kudhalilisha: wasifanye lolote bila kuishauri Ufaransa na kupata ridhaa yake.

Mzozo wa kwanza ulihusu karatasi. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Richard Oswald, Mskoti tajiri na mzee. Hati ya mamlaka yake ilisema anaweza kuzungumza na wawakilishi wa "makoloni". Franklin aliona si hoja. Vergennes, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, naye alisema chukueni hivyohivyo. Jay akagoma. Hoja yake ilikuwa ya kisheria na ina uzito: kama uhuru wenu ni kifungu ndani ya mkataba, basi ni zawadi ya mfalme, bei yake inaingizwa kwenye hesabu ya mazungumzo, na mkataba ukivunjika zawadi inatia shaka. Kama mnatambuliwa kabla ya kukaa kitako, mnazungumza kama taifa na taifa. Na akajiuliza: kwa nini rafiki yetu haoni ubaya sisi kuitwa koloni?

Kisha yakaja matukio mawili. Balozi wa Hispania mjini Paris, Aranda, alimchorea ramani: mpaka wa Marekani upite mbali sana mashariki ya Mississippi. Rayneval, katibu wa Vergennes, akaunga mkono mpaka wa kati. Halafu mwanzoni mwa Septemba Jay akapata habari kwamba Rayneval amevuka kwenda Uingereza kimyakimya. Jay hakumwambia hata Franklin alichoamua. Alimtuma Mwingereza rafiki yake, Benjamin Vaughan, kwa waziri mkuu Shelburne na ujumbe ulio wazi: patana nasi wenyewe, usipatane kupitia Ufaransa, na uanze kwa kututaja kwa jina letu. Kabla Septemba haijaisha Oswald alikuwa na hati mpya iliyotaja Marekani na majimbo yake kumi na matatu.

Je, Jay alikuwa sahihi? Nusu. Rayneval alikwenda hasa kupima nia ya Shelburne na kuzungumzia Gibraltar, lakini huko alidokeza kwamba Ufaransa haiyaungi mkono madai yote ya Wamarekani kuhusu samaki na ardhi ya magharibi. Harufu aliyoisikia Jay ilikuwa ya kweli. Wanaomlaumu wana hoja nao: Julai Franklin alikuwa amependekeza Uingereza itoe hata Kanada, na wakati Jay anabishania neno la kwenye hati, Waingereza waliyashinda mashambulizi makubwa ya Gibraltar, Septemba ileile, wakapata kiburi. Mimi naona Kanada isingetolewa kwa vyovyote. Lakini siwezi kusema kusubiri hakukuwa na gharama.

Tarehe 30 Novemba 1782 rasimu ya amani ikatiwa saini, Vergennes akiwa hajaoneshwa. Mpaka wa magharibi: mto Mississippi. Nchi iliyokuwa ukanda wa pwani ikapewa ardhi hadi katikati ya bara. Franklin ndiye aliyetumwa kumtuliza Vergennes, na barua yake ni somo la fitina ya adabu: tulikosa heshima kidogo, alisema, lakini Waingereza wanajisifu kwamba wametutenganisha, basi bora wasijue kwamba wamekosea. Ufaransa ikameza, na juu yake ikatoa mkopo mwingine wa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) milioni sita.

Kuna kifungu kimoja cha kuangalia kwa karibu. Siku moja kabla ya saini alifika mjumbe wa nne, Henry Laurens wa South Carolina, akataka liongezwe sharti kwamba Waingereza wakiondoka wasibebe "Weusi au mali nyingine" ya Wamarekani. Oswald hakubisha. Watu hawa wawili walijuana zamani: Oswald na washirika wake walimiliki ngome ya Bunce Island, Sierra Leone, ambako watu walipakiwa melini, na Laurens alikuwa wakala wake Charleston, akiwauza waliofika hai. Kwa hiyo mkataba ulioipa dunia taifa huru una kifungu kilichoandikwa na wabia wawili wa zamani wa biashara ya watumwa. Kifungu hicho kilikuja kumsumbua Jay miaka kumi na miwili baadaye.

Mkataba usiotimizwa na upande wowote

Jay alirudi nyumbani mwaka 1784 akakuta ameshateuliwa katibu wa mambo ya nje. Kazi yake kubwa ikawa kulinda mkataba ambao kila mtu aliuvunja. Waingereza walitakiwa kuondoka kwenye ngome za kaskazini, kama Detroit, Niagara na Oswego; hawakuondoka. Walitakiwa wasiwachukue watumwa. Kamanda wao Guy Carleton aliondoka New York na watu weusi wapatao 3,000, akisema hao waliahidiwa uhuru wakati wa vita na ahadi ni ahadi. Upande wa pili, Wamarekani walitakiwa wasizuie madeni ya wafanyabiashara wa Kiingereza yasilipwe. Majimbo yakatunga sheria za kuzuia.

Mwaka 1786 Kongresi ilimwagiza Jay aeleze nani kavunja kwanza. Alifanya jambo ambalo wanasiasa hawalifanyi mara nyingi: akasema ni sisi. Majimbo yalianza, na Waingereza wana sababu ya kuzishikilia ngome. Kuhusu watumwa alisema Carleton kweli amevunja maandishi ya mkataba, lakini kumrudisha kwa bwana wake mtu uliyemwahidi uhuru ni ukatili. Dawa ni kulipa fidia, watu wabaki huru.

Mwaka huohuo alijitia kwenye shimo jingine. Akizungumza na mjumbe wa Hispania, Gardoqui, aliiomba Kongresi ruhusa ya kuacha kuutumia Mississippi kwa miaka kama 25 hivi ili apate biashara na Hispania. Majimbo saba ya kaskazini yalikubali, ya kusini yakakataa, na kwa kuwa zilihitajika kura tisa, jambo likafa. Lakini watu wa kusini na magharibi, ambao mto ule ndio ulikuwa barabara yao ya kupeleka nafaka na tumbaku sokoni, hawakusahau. Huyu ndiye aliyeuokoa mto Paris, sasa yuko tayari kuufunga. Kuanzia hapo, jina la Jay katika majimbo hayo lilikuwa na doa.

Yaliyofuata nayapita haraka. Aliandika makala tano kati ya 85 za kuitetea katiba mpya, ugonjwa ukamzuia kuandika zaidi. Mwaka 1788 alipigwa jiwe kichwani akijaribu kutuliza ghasia za wananchi waliokasirishwa na wanafunzi wa udaktari kufukua makaburi. Mwaka 1789 George Washington akamfanya Jaji Mkuu. Mahakama ya Juu ilikuwa na kesi chache, na majaji walishinda njiani wakizunguka mikoani kwa farasi na magari mabovu. La kudumu ni moja: mwaka 1793 Washington aliiomba mahakama ushauri kuhusu vita vya Ulaya, na Jay na wenzake wakajibu kwa adabu kwamba majaji huamua kesi, hawamshauri rais. Mahakama za shirikisho za Marekani zinafuata msimamo huo hadi leo.

London 1794

Mwaka 1793 Uingereza na Ufaransa zilianza kupigana tena. Marekani ilijitangaza haifungamani na upande wowote, ikauza bidhaa kote. Novemba mwaka huo Uingereza ikaamuru kukamatwa kwa meli zinazofanya biashara na visiwa vya Ufaransa vya Karibi, na zaidi ya meli 250 za Marekani zikakamatwa. Mabaharia wakachukuliwa kwa nguvu kufanya kazi katika manowari za Uingereza. Ngome bado zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Vita vilinukia.

Washington alimchagua Jay. Seneti ilimpitisha kwa kura 18 dhidi ya 8, na wapinzani waliuliza swali zuri: Jaji Mkuu akitia saini mkataba, kesho kesi inayohusu mkataba huo ikifika kwake, ataiamuaje? Hakujiuzulu. Akaondoka Mei 1794.

Aliyekaa naye mezani ni Lord Grenville, waziri wa mambo ya nje, mtu mstaarabu asiye na haraka. Jay alikuwa na silaha moja tu ya kutisha nayo: Marekani ingeweza kujiunga na Sweden na Denmark katika umoja wa kulinda kwa silaha meli za nchi zisizo vitani. Silaha hiyo ilivunjwa nyumbani. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, ambaye hazina yake ilitegemea ushuru wa bidhaa za Kiingereza, alimhakikishia balozi wa Uingereza mjini Philadelphia kwamba serikali haina mpango wa kujiunga. Habari ikafika London. Basi Jay alibaki anazungumza na mtu aliyeshaona karata zake.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 19 Novemba 1794. Alichopata: ngome kuachwa ifikapo tarehe 1 Juni 1796, fidia ya meli zilizokamatwa, kiasi kiamuliwe na tume ya pamoja, tume nyingine ya kuamua mto St. Croix hasa ni upi, maana mpaka wa kaskazini-mashariki ulitegemea hilo. Na ruhusa ya kufanya biashara na India. Alichotoa: madeni ya kabla ya vita yalipwe, na yasipolipika serikali ya Marekani ibebe, Marekani isiziwekee bidhaa na meli za Uingereza ushuru wa kuzibagua. Alichokosa: hakuna neno lolote kuhusu kukamatwa kwa mabaharia, wala fidia ya watumwa waliochukuliwa na Carleton. Na palikuwa na kifungu cha 12, ambacho hata marafiki zake walikionea aibu: meli za Marekani ziruhusiwe katika visiwa vya Uingereza vya Karibi, lakini zisizidi tani 70, na kwa malipo ya ruhusa hiyo Marekani isiuze nje sukari, kahawa, kakao wala pamba. Pamba, wakati ambapo majimbo ya kusini ndiyo kwanza yanaanza kuilima kwa wingi!

Seneti ilikutana Juni 1795 kwa siri, ikakikata kifungu cha 12, ikapitisha vilivyobaki kwa kura 20 dhidi ya 10, theluthi mbili kamili bila kura ya ziada. Seneta mmoja wa Virginia akaona siri hiyo haifai, akatoa nakala, na mchapishaji Benjamin Franklin Bache, mjukuu wa Franklin yuleyule, akaitoa kama kijitabu. Kilichofuata ni zile sanamu. Hamilton alipopanda jukwaani New York kuutetea, alirushiwa mawe. Magazeti ya upinzani yalimsimanga Jay hata kwa kuubusu mkono wa malkia wa Uingereza. Washington alisitasita, kisha akasaini Agosti. Vita vya mwisho vilikuwa katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1796, juu ya fedha za kuutekeleza: kura 51 kwa 48. Mbunge aliyeutoa kwenye hatari kwa kura yake ya uenyekiti, Frederick Muhlenberg, alichomwa kisu siku chache baadaye na shemeji yake mwenyewe.

Sasa tupime. Ngome zilikabidhiwa. Wenye meli walilipwa, jumla ikifika zaidi ya dola milioni 10. Madeni ya zamani yalimalizwa mwaka 1802 kwa pauni 600,000. Tume ya St. Croix ilitoa uamuzi wake mwaka 1798 na nchi zote mbili zikaukubali, jambo ambalo wanasheria wa kimataifa bado hulitaja kama chimbuko la usuluhishi wa mataifa wa nyakati zetu. Hispania, ikihofu kwamba Uingereza na Marekani zimeungana, iliufungua Mississippi mwaka 1795, tena kwa masharti ambayo Jay hakuwahi kuyaota Madrid. Vita na Uingereza vikasogea hadi 1812. Kwa upande mwingine, Ufaransa iliona imesalitiwa, ikaanza kukamata meli za Marekani kwa mamia, na kuanzia 1798 nchi hizo mbili zilipigana baharini bila kutangaza vita.

Kwa mtu asiye na jeshi, ambaye waziri mwenzake alishamfunulia karata, sioni ni nani angeleta zaidi. Lakini nasema "Marekani ilipata" kwa tahadhari, kwa sababu waliolipa gharama kubwa hawakuwa mezani. Ngome zile kwa mataifa ya wenyeji asilia wa Ohio, Washawnee, Wamiami na wenzao, zilikuwa chimbuko la risasi na matumaini ya kuungwa mkono. Agosti 1794, Jay akiwa London, walishindwa katika vita vya Fallen Timbers, na ngome ya Waingereza iliyokuwa karibu iliwafungia lango. Mwaka mmoja baadaye walisaini mkataba wa Greenville kuiachia Marekani sehemu kubwa ya Ohio. Uhodari wa Jay Paris na London, kwao, ulikuwa hukumu iliyotolewa bila wao kusikilizwa.

Mwenye watumwa aliyepinga utumwa

Wamiliki wa watumwa wa kusini waliamini Jay hakuipigania fidia yao kwa sababu moyo wake haukuwamo. Nadhani walimsoma vizuri. Mwaka 1785 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha New York cha kuwaachia huru watumwa, akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho kilianzisha shule ya watoto weusi mwaka 1787. Akiwa gavana, mwaka 1799, alitia saini sheria ya kuufuta utumwa polepole katika jimbo lenye watumwa zaidi ya 20,000: mtoto atakayezaliwa baada ya tarehe 4 Julai mwaka huo atakuwa huru, lakini atamtumikia bwana wa mama yake hadi afike miaka 28 akiwa mwanamume, 25 akiwa mwanamke.

Na wakati wote huo yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Hati aliyomwandikia Benoit mwaka 1784 inaonyesha akili yake ilivyofanya kazi. Inaanza kwa kutamka kwamba wanadamu kwa asili wako huru sawasawa na kumshika mtu utumwani ni dhuluma. Sentensi inayofuata inasema basi Benoit ataachwa huru akishatumikia kiasi cha kufidia fedha zilizomnunua, miaka mitatu mingine. Jay alitengeneza kanuni nzima hapo: nunua, tumikisha, kisha achia. Aliona ni wema. Ni wema wenye stakabadhi.

Abigail hakupata hata hiyo. Alikuwa mtumishi wa nyumbani kwao, mtumwa, waliyemchukua Hispania na kisha Paris. Mwaka 1783, Jay akiwa safarini Uingereza, Abigail alitoroka, akaonekana kwa dobi mmoja wa kike wa Kiingereza. Familia ikaomba polisi wamkamate, watu wa Franklin wakasaidia, akafungwa jela. Alikataa kurudi. Jay aliandika kutoka Uingereza kwamba aachwe huko kwa muda hadi atulie. Majira ya baridi yakaingia, akaugua jela, akaomba kurudi, akarudishwa, na baada ya muda mfupi akafariki. Haya yalitokea Paris ileile, mwaka uleule ambao Mkataba wa Paris ulitiwa saini rasmi, tarehe 3 Septemba. Sidhani kuna njia ya kuyasimulia maisha ya mtu huyu ukayaruka.

Mara mbili alizokataa

Masika ya 1800 chama cha Jay kilishindwa uchaguzi wa bunge la New York, na ikawa wazi kwamba bunge jipya litawachagua wapigakura wa urais, yaani wajumbe wa jimbo wanaomchagua rais, wa upande wa Thomas Jefferson. Hamilton alimwandikia Jay: liite bunge la zamani kabla muda wake haujaisha, libadili utaratibu. Kisheria gavana aliweza. Jay hakumjibu. Aliandika juu ya barua ile kwamba anapendekezewa hatua ya kukinufaisha chama ambayo haimfai kuichukua, akaiweka kwenye makabrasha. Jefferson akashinda urais.

Desemba mwaka huohuo rais anayeondoka, John Adams, alimteua tena kuwa Jaji Mkuu bila kumwuliza, na Seneti ikampitisha. Jay akakataa kwa barua ya Januari 1801: aliiacha mahakama ile akiwa na hakika kwamba kwa mpangilio wake haitapata nguvu, uzito wala hadhi inayohitajika. Afya yake nayo ilikuwa mbaya. Alihamia shambani kwake Bedford, Sarah akafariki mwaka uliofuata, na yeye akaishi huko hadi tarehe 17 Mei 1829, akiwa na miaka 83.

Hesabu zake safari hii hazikuwa sawa. Nafasi aliyoikataa alipewa John Marshall, aliyekaa nayo miaka 34. Mwaka 1803 mahakama hiyo ilitangaza kwamba inaweza kuibatilisha sheria ya Kongresi inayopingana na katiba, na Jay, ambaye aliona haitakuwa na uzito, aliishi miaka 26 mingine akiisikia ikiyaamuru majimbo, New York yake ikiwamo.